CHAKULA KITAMU NA HAKI YA ALIYEKIPIKA

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.



Leo tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi huliona dogo: kula kwenye resto za wamama wetu hapa Kiwanja. Ndugu mmoja ameuliza: je, inafaa Muislamu mwenye franka kidogo akae afurahie bugali na samaki wa Vitshumbi, huku jirani zake wamekimbia vita na hawana kitu? Si afadhali ale kidogo nyumbani, kinachobaki akitoe sadaka?

Swali ni zuri, na jibu lake lina pande mbili.

Kwanza, kufurahia chakula si dhambi. Katika Suratul Aaraf, aya ya 31 na 32, Mola wetu anatuamrisha kula na kunywa bila kupita kiasi, kisha anawakemea wanaojiharamishia vitu vizuri alivyowatolea waja wake. Mtume (s.a.w.) hakuwahi kukitia ila chakula: akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha. Basi sombe iliyotiwa mawese, maharagi yaliyoiva, chai ya maziwa na mandazi ya asubuhi, zote ni neema. Muislamu ahakikishe nyama ni halali, asikae kwenye meza ya pombe, wala asiagize sahani mbili akaacha moja imwagwe.

Pili, tuangalie hiyo sadaka. Ni haki ya asiyejiweza, lakini mama mwenye sufuria yake anajiweza. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba mtu kuchukua kamba, akakata kuni, akazibeba mgongoni na kuziuza, ni bora kwake kuliko kuomba watu. Hadithi hii tumeizoea, na huwa tunamsomea maskini: nenda kafanye kazi! Lakini tuitazame tena. Kuni zile lazima zipate mnunuzi. Kama watu wote wa mji wangezichukua kwa ahadi tu, yule mtu angerudi kuomba, na kosa lisingekuwa lake. Kumbe hadithi ina mtu wa pili asiyetajwa, naye ni mnunuzi anayelipa. Huyo ni mimi na wewe.

Tazama sahani moja. Unga ni wa mkulima wa Rutshuru, umepita kwenye mashini ya kusaga. Samaki amevuliwa Ziwa Edouard. Makala imeletwa kwa chukudu. Mama hununua vyote alfajiri, kabla hajajua nani atakuja kula. Ukimlipa, wote hao wanapata riziki pasipo mtu kunyoosha mkono. Mji wetu umepita kwenye mauaji ya Novemba 2008 na vita vya Oktoba 2022, na kila mara wamama walirudi kuwasha moto.

Benki za Goma zilipofunga milango Januari 2025, pesa ya mkononi ilikuwa ngumu kwa kila mtu, na wamama walitukopesha. Tunamjua mama mmoja, jina lake tunalisitiri, aliyefunga resto yake. Hakuporwa na mtu mwenye silaha. Mtaji wake uliishia kwenye daftari. Humo mna majina ya walimu, motari, wafanyabiashara na, tuseme ukweli, watu wa safu ya mbele msikitini. Baadhi yao hawana kitu kweli, na Suratul Baqara, aya ya 280, inataka wapewe muda. Lakini wengine walipata pesa, wakaanza kupita njia nyingine ili mama asiwaone. Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba mwenye uwezo akichelewesha deni, amedhulumu. Na pengine mtu huyo huyo siku ya Ijumaa anatia franka kwenye sanduku la sadaka. Je, anatoa mali ya nani?

Asiseme mtu kwamba mama yule si Muislamu. Mtume wetu (s.a.w.) alikopa shayiri ya kula kwa Myahudi, akamwekea rehani deraya yake ya vita, na alifariki deraya ile ikiwa bado rehani. Kukopa chakula, basi, si aibu. Lakini yeye, mkuu wa umma wote, aliona mwenye chakula ana haki ya kushika kitu mkononi mpaka alipwe. Sisi tunaacha nini mkononi mwa mama?

Kwa hiyo ndugu aliyeuliza tunamjibu: kula, ushukuru, ulipe. Mwenye deni aende leo baada ya swala, hata kwa nusu, na asiye na kitu aende akaombe muda kwa ulimi mzuri. Mtume (s.a.w.) amemwombea rehma mtu mwepesi anapouza, anaponunua na anapodai haki yake.

Ewe Mola wetu, tulishe halali, utulipie madeni yetu, ubariki majiko ya mji wetu na uturudishie amani. Amin.

Wabillahi tawfiq.