Jembe la Mgeni

Siku hizi makampuni huwatoa wafanyakazi wao ofisini ili wajenge umoja kwa kazi ya hisani: kupanda miti, kupaka rangi madarasa, kuwatazama yatima. Ni jambo jema. Lakini yafaa tujiulize: kazi hiyo hufanywa kwa ajili ya nani?

Katika miteremko ya Mlima Meru, Wameru na Waarusha walichimba mifereji ya kunyweshea mashamba tangu kale. Ilipofika siku ya kuisafisha, kila mwenye kuyatumia maji alitoka na jembe lake. Umoja wao haukutafutwa. Ulizaliwa na haja iliyowagusa wote. Azimio la Arusha la mwaka 1967 nalo lilituonya tusiegemeze maendeleo yetu juu ya misaada ya wengine.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni wa leo huja na jembe siku ya kwanza, na jioni huondoka nalo. Mche hubaki ukingoja maji. Basi kipimo cha hisani si furaha ya mtoaji. Kipimo ni haya mawili: je, wenyeji waliulizwa haja yao? Na kiangazi kikifika, nani atarudi kuunywesha mche?