Nani Kaahidi Zamu?

Wanangu mnaoandika programu za seva, nawasihi mjenge mazoea ya kuuliza: katika lugha hii, nani kaahidi kwamba kila mchakato utapata zamu yake? Naona mnapima kasi na kufurahia wastani mzuri, ilhali ndani ya wastani huo kuna ombi la mtu lililosubiri mpaka likakatwa.

Lugha zenyewe hazifanani. Erlang ilianza Ericsson, Sweden, miaka ya 1980, kwa ajili ya mitambo ya simu, ambako mazungumzo ya mmoja hayapaswi kukwamisha ya mwingine. Kwa hiyo kila mchakato wake hupewa mgawo, siku hizi kama hatua 4,000, kisha hupisha hata kama kazi haijaisha. Kwa Go, mpaka lilipotoka toleo la 1.14 mwaka 2020, kitanzi cha hesabu kisichoita funksheni yoyote kiliweza kung'ang'ania kichakataji huku wengine wakikodoa macho. Na kufuli ya Java, ReentrantLock, haifuati foleni mpaka uiombe, kwa sababu foleni hupunguza kasi. Gharama hiyo ni ya kweli, na mara nyingi inafaa kulipwa.

Someni pia aina mbili za ahadi hiyo ya zamu: haki dhaifu na haki imara. Nissim Francez aliliandikia jambo hili kitabu kizima mwaka 1986. Haki dhaifu humlinda aliye tayari mfululizo. Anayekuwa tayari, akazuiwa, akawa tayari tena, huyo inaweza kumwacha nje milele. Ni haki imara tu inayomfikia. Tena zote mbili husema "hatimaye" bila kutaja saa, na mgonjwa anayengoja majibu ya maabara hawezi kuishi na neno hilo.

Mkishatawanya kazi kwenye mashine nyingi, mjue kwamba mpangaji zamu wa lugha hana mamlaka nje ya mashine yake. Hata ndani ya Erlang, sanduku la ujumbe la mchakato halina kikomo: mteja mmoja mwenye pupa akimwaga maelfu ya ujumbe, wa wenzake hukaa nyuma ya mlima huo, ingawa mchakato unapata zamu zake zote. Hapo haki mtaijenga wenyewe. Mpeni kila mteja foleni yake, wekeni kikomo, zihudumieni kwa mzunguko. Kabla ya kuukabidhi mfumo, mleteni kwa makusudi mteja mlafi, kisha mpime amesubiri muda gani yule aliyehudumiwa wa mwisho.