Baridi Peke Yake Haileti Ua

Wakubwa wanapenda kutuambia sisi vijana wa kambini: "Shida hukomaza." Je, ni kweli?

Tuangalie okidi aina ya Phalaenopsis. Asili yake ni misitu ya joto ya Asia, lakini leo watu wa Ulaya wanaiweka dirishani, kwenye nchi za baridi. Maua yakianguka, wengi wanaitupa, wanadhani imekwisha. Kumbe inapumzika tu. Ili itoe maua tena inataka wiki kadhaa za usiku wenye ubaridi, kama nyuzi 16 hivi. Basi mtu atasema: umeona, baridi ndiyo inaleta ua!

Ngoja kwanza. Mchana inataka joto na mwanga. Mizizi inataka maji, halafu hewa. Ukiiacha kwenye baridi kali, majani yanalegea na mizizi inaoza.

Kwa hiyo mimi sikubali kusifu shida. Kijana aliyekaa miaka mitano bila shule hakukomazwa, alinyimwa. Na yule aliyefaulu, usiseme njaa ndiyo ilimfundisha. Uliza nani alimpa daftari, nani alimwashia taa. Halafu angalia kwenye bloki yako: nani mnamwita amekwisha, na hakuna aliyempa hata mwanga?