Uso na Mizani Yake

Kila alfajiri, kabla sijafungua daftari la tafsiri, huketi mbele ya kioo kwa muda wa robo saa. Huanza kwa mafuta ya nazi, ambayo kwetu Ulyankulu hayapatikani ila kwa kuagizwa. Kisha poda kidogo, wanja chini ya jicho, na rangi ya mdomo inayokaribia zambarau lililoiva. Nimevuka miaka hamsini, sina mume wa kumpendeza wala ofisi ya kwenda. Basi uso huu naupamba kwa mizani ya nani?

Wasomaji wa visiwani, waliolelewa katika liwa, dalia na hina, huenda wakaona kuwa najitafutia tabu. Lakini lugha zetu zenyewe zimetutega. Kirundi, lugha ya wazazi wangu, humwita *mwiza* mtu mwenye sura ya kupendeza, na humwita *mwiza* pia mtu mwenye tabia njema. Kiswahili nacho kina neno *mzuri*, linalobeba mizigo hiyo miwili, ingawa lipo *mwema* la kutusaidia. Mfasiri hulala macho kwa ajili ya maneno kama hayo, maana kila uchaguzi hapo ni hukumu.

Huku kwetu mizani ya urembo ni jambo la kale. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji kupitia Tabora ilibeba nguo, waya na shanga. Burton aliyefika Tabora mwaka 1857, na Stanley aliyefuata mwaka 1871, wote wawili walitaabika kwa jambo moja: shanga inayopendwa katika nchi hii haitazamwi katika nchi ya pili. Aliyekosea rangi alibaki na mzigo usionunua hata kibaba cha nafaka. Shanga zilifinyangwa Venice, lakini aliyeamua ipi ni nzuri alikuwa mwanamke wa bara aliyesimama mbele ya mpagazi akitikisa kichwa. Sisemi haya kwa kuisifu biashara ile. Shanga hizo hizo zilinunua pembe, na zilinunua watu. Nasema tu kwamba shanga iliiacha ngozi ilivyo.

Leo, msimu wa malipo ya tumbaku, wachuuzi hutujia na mkorogo. Ndani yake aghalabu mna haidrokwinoni au zebaki, vitu vinavyoizuia ngozi kutengeneza rangi yake. Na zebaki hupenya hadi kwenye figo. Serikali imepiga marufuku, Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 nao umekataza vipodozi vya zebaki, na bado vikopo vinapita. Mkorogo hauombi kuipamba ngozi. Waitaka iondoke.

Lakini mizani iliyotuumiza zaidi watu wa makazi haya haikuuzwa katika kikopo. Wazazi wangu waliikimbia Burundi mwaka 1972, wakati Wahutu walipouawa kwa maelfu mengi. Nyuma ya mauaji hayo kulikuwako na mambo mengi ya utawala na hofu. Mojawapo ni somo lililofundishwa tangu enzi za Wajerumani na Wabelgiji, kwamba mrefu mwenye pua nyembamba amezaliwa kutawala, na mfupi mwenye pua pana amezaliwa kulima. Uzuri ukafanywa cheo.

Nasi tukaugeuza upanga ule. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki, aliyekaa katikati ya miaka ya 1980 na wakimbizi wa Mishamo, ambako baadhi ya watu wa Ulyankulu walihamishiwa, aliwasikia wakisimulia kwamba uzuri wa wanawake wa Kitutsi ni mtego wa kuwanasa Wahutu. Kisha, Desemba 1990, gazeti la Kangura nchini Rwanda likamwita msaliti kila Mhutu atakayeoa mwanamke wa Kitutsi. Miaka minne baadaye dunia iliona wanawake hao walivyotendwa. Mimi ni mtoto wa waliodhulumiwa, na sioni haya kusema kwamba simulizi ile nayo ilikuwa dhuluma. Aliyehukumiwa kwa pua yake hana ruhusa ya kumhukumu mwingine kwa macho yake mazuri.

Je, wanja wangu ni uongo? Ningependa kujibu kwamba kujipamba ni kitu kimoja na kujikimbia ni kitu kingine, tumalize. Mpaka huo, hata hivyo, hauko wazi kama mto. Duka la jirani lina poda ya rangi moja tu, nayo ni nyeupe kuliko mimi. Huichanganya na unga wa kakao mpaka ifanane na shingo yangu. Ziko siku kakao hupungua, na siku hizo husifiwa zaidi njiani. Sifa hizo hunifurahisha. Zaidi ya hapo sijui niseme nini.

Vyeti vya uraia wa Tanzania vilianza kugawiwa kwa watu wetu mwaka 2014. Mama yangu, ambaye hajawahi kupaka chochote ila mafuta, siku ya kwenda kuchukua chake aliniita chumbani, akaketi juu ya kitanda, akafumba macho na kuniambia nimtie wanja. Nilimuuliza, "Mama, leo kulikoni?" Akanijibu kwamba mkono wangu unatetemeka, nishike kijiti vizuri.