Mashabiki ni amana, si mali ya mwenye jukwaa

Kuna swali moja la kimaadili ambalo vyombo vyetu vya habari vimelipita kimya kimya kwa karibu miaka ishirini sasa. Mtu anapojiandikisha mtandaoni kuwa shabiki wa redio, gazeti au kituo cha televisheni, akaacha pale jina lake, picha yake na maneno yake, vitu hivyo vinakuwa vya nani? Ni vyake yeye, ni vya redio iliyomwalika, au ni vya kampuni ya mbali ambayo redio imepanga kwake?

Sisi tuliokua na Redio Tanzania Dar es Salaam tunakumbuka kadi za salamu. Mtu wa Mpwapwa au Kondoa aliandika kadi yake, akawataja ndugu na jamaa, akaipeleka posta, kisha akakaa kusubiri kusikia jina lake likisomwa. Aliyetuma alijua kadi yake imekwenda wapi na iko mikononi mwa nani. Kati ya msikilizaji na redio hakukuwa na mtu wa tatu isipokuwa tarishi, na tarishi hana ruhusa ya kufungua bahasha.

Leo mtu wa tatu yupo, na ndiye mwenye nyumba. Katikati ya miaka ya 2000 kulizuka huko Marekani biashara ya kujenga majumba ya mtandaoni yaliyo tayari na kuyatoa kwa wenye kuyahitaji. Chombo cha habari, msanii au klabu ya mpira haikuhitaji fundi wala kompyuta zake za kuhifadhia. Ilichagua jina, rangi na nembo, na mlango ukafunguka. Mashabiki wakaingia, wakajiandikisha, wakabandika picha na kubishana. Kampuni ya Ning, iliyoanzishwa California mwaka 2004 na Marc Andreessen na Gina Bianchini, ilipata umaarufu kwa kazi hiyo hiyo. Mwaka huo huo ikaanza Wikia, ambayo leo inaitwa Fandom, mahali ambapo wapenzi wa filamu na vitabu hukusanya maarifa yao. Facebook nayo ilianzisha kurasa za makampuni na watu mashuhuri Novemba 2007, na aliyejiunga na ukurasa aliitwa shabiki, mpaka Aprili 2010 neno hilo lilipobadilishwa. Huko ndiko redio zetu nyingi zilikohamishia wasikilizaji wao.

Sisemi kwamba kupanga ni kosa. Redio ndogo ya hapa Dodoma, ambayo mwezi mwingine hata umeme inalipa kwa taabu, itatoa wapi fedha za kujenga nyumba yake ya mtandaoni na kuajiri mafundi wa kuilinda? Kupanga ni jambo la kawaida katika biashara. Mkulima akipeleka mahindi yake soko la Kibaigwa, analipa ushuru na kutumia uwanja usio wake. Lakini gunia linabaki kuwa lake. Bei isipomridhisha, analipakia tena kwenye gari na kuondoka nalo, wala mwenye soko hawezi kumwambia kwamba mahindi yameshakuwa mali ya soko kwa sababu yamelala pale usiku mmoja.

Katika majukwaa haya ya kupanga, gunia halitoki kwa urahisi namna hiyo. Tuitazame historia. Oktoba 2009 kampuni ya Yahoo ilifunga GeoCities, ambako watu wa kawaida walikuwa wamejijengea kurasa tangu miaka ya 1990, nyingi zikiwa za mashabiki. Aprili 2010 Ning ilitangaza kwamba huduma ya bure imefika mwisho, na jumuiya zilizokaa pale bila malipo zikatakiwa kulipa au kuondoka. Mwaka 2011 Ning yenyewe ikanunuliwa na Glam Media. Januari 2018 Facebook ilitangaza kuwa itatanguliza habari za ndugu na marafiki mbele ya zile za vyombo vya habari, na vyombo vilivyokuwa vimewekeza nguvu zao zote pale vikaona sauti yao inapungua ghafla. Mwaka 2019 MySpace ilikiri kwamba nyimbo, picha na video zilizowekwa zaidi ya miaka mitatu nyuma huenda zimepotea wakati wa kuhamisha kumbukumbu. Na Mei 2025 mtandao wa X ulipozuiwa hapa nchini, waliowakusanya watu wao huko waliukuta mlango umefungwa, tena safari hii si na mwenye nyumba.

Niliwahi kuzungumza haya na kijana mmoja anayesimamia kurasa za redio moja hapa mjini. Akaniambia kwa fahari, "Mzee wangu, sisi tuna mashabiki maelfu kwa maelfu." Nikamuuliza, "Ukurasa huo ukifungwa usiku wa leo, kesho asubuhi utawapata wangapi?" Akafikiri kidogo, kisha akasema, "Wale ambao namba zao za simu ziko kwenye daftari la studio." Nikamuuliza daftari lina watu wangapi. Akacheka tu.

Hapa Dodoma habari ya shamba la kuazima inafahamika. Ukiazimwa shamba unalima mtama, uwele, karanga au alizeti. Ukivuna, msimu umekwisha, na mwenye shamba akilitaka unamrudishia bila ugomvi. Lakini hupandi mzabibu. Mzabibu hukaa ardhini miaka mingi, unataka nguzo, waya na maji, na ukiambiwa uondoke mizizi yake haiingii kwenye gunia. Tangazo la mechi ya Jumamosi ni mtama, likipotea Jumatatu hakuna hasara. Jumuiya ya watu waliozoeana kwa miaka kumi, waliopeana pole za misiba na kuchangiana matibabu kupitia ukurasa wa redio, hiyo ni mzabibu. Vyombo vyetu vimepanda mzabibu kwenye shamba la kuazima, tena bila kuwaambia wale waliopandwa.

Hapo ndipo lilipo suala la amana. Wanavyuoni wa fiqhi wametufundisha kuwa aliyewekewa kitu amana hana ruhusa ya kukitumia kwa manufaa yake bila idhini ya mwenyewe, na akikitumia hivyo anabeba dhamana yake. Sasa jina na picha ya msikilizaji vinapotumika kuuzia matangazo, au jumuiya nzima inapohama kutoka kampuni moja kwenda nyingine kwa mauzo ambayo mwanachama hakuulizwa, idhini iko wapi? Tutaambiwa ipo kwenye masharti aliyobonyeza kukubali. Lakini masharti marefu, kwa lugha asiyoielewa, yana uzito gani kama idhini? Na aliyemleta pale si kampuni ya California. Ni mtangazaji anayemwamini, aliyemwambia kwa Kiswahili, "Njoo ujiunge nasi."

Atatokea wa kusema kwamba hata nyumba ya kwako ina gharama. Ni kweli. JamiiForums, iliyoanzishwa hapa nchini mwaka 2006, ni nyumba ya Watanzania wenyewe. Desemba 2016 mmoja wa waanzilishi wake, Maxence Melo, alifikishwa mahakamani Kisutu, na miongoni mwa mashtaka ni kutotoa kwa polisi taarifa za wanachama. Aprili 2020 alitiwa hatiani katika moja ya kesi hizo na kutozwa faini. Siingii katika hukumu ya mahakama. Ninachosema ni kwamba pale wanachama walimjua aliyeshika majina yao, na wakaona alivyoyashika yalipotakiwa. Shabiki wa redio yetu kwenye jukwaa la kupanga hamjui huyo mtu, na redio yenyewe haimjui.

Bunge, likiwa hapa hapa Dodoma, lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Ni hatua njema. Lakini sheria humbana anayekiuka, haimfundishi mtu uaminifu. Uaminifu unaanza na mambo madogo ambayo hata redio maskini inayaweza. Iwaambie wasikilizaji wake waziwazi kwamba wanapojiunga wanaingia nyumba ya watu. Isiombe jina kamili, namba au picha pale ambapo salamu tu inatosha. Na itunze kwake, kwa ridhaa yao, daftari la watu wake na nakala ya yale ya thamani waliyoyaandika, ili siku mlango ukifungwa iwe na cha kuwarudishia.

Msikilizaji naye asikae kimya. Namba ya studio anayo, na kipindi cha maoni kipo. Apige simu aulize: "Yale tuliyoyaandika kwenu miaka yote hii, mnayo?"