Saumu ya Desemba
Hapa London, mwezi wa Desemba, jua huchwa kabla ya saa kumi alasiri. Wengi hunung'unika, mimi ndio msimu wangu wa kulipa saumu za Ramadhani. Ningefunga Juni, ningekaa zaidi ya saa 16 bila maji. Sasa ni kama 10 tu.

Shoga yangu huniuliza: ibada nyepesi hivi ina thamani gani? Namjibu kwamba aliyeniamuru kufunga ndiye aliyeufupisha mchana. Kuikataa tahafifu yake, kwa kudhani mateso ndiyo uchaji, naona ni kumkosea adabu.

Basi nafuturu kwa tende na uji wa pilipili manga, na jioni nzima bado ipo. Nashona kofia ya viua, tundu kwa tundu, kama alivyonifunza bibi Unguja. Mikono ikishughulika, ulimi huanza uradi wenyewe. Ni starehe au ni dhikri? Sioni mpaka, wala sitaki kuuchora. Usiku nao ni mrefu: unalala ukashiba usingizi, na bado ukaamka kwa tahajudi.

Alhamisi shoga yangu alikuja kufuturu nami. Bado tunabishana.