Haya na Kipimo cha Choo

Tumeulizwa katika darsa letu hapa Elburgon suali ambalo wengi hulinong'ona wala hawalitamki. Mtu aliyekatwa utumbo kwa ajili ya saratani, akapata nafuu, je, yampasa kuendelea kujichunguza, hata kwa kuwapelekea madaktari choo chake? Au huko ni kuvunja haya na kupungukiwa na tawakkuli?

Tuanze na haya, maana ndiyo yenye kuua. Mtoto wa chuoni hafiki mbali katika fiqihi ila amekwisha fundishwa istinja. Washirikina walimfanyia dhihaka Salman al-Farisi, radhi za Mungu zimshukie, kwamba Mtume wao huwafundisha hata namna ya kwenda haja. Salman hakuinamisha kichwa. Alikiri, akayaeleza aliyofundishwa. Choo ni najisi, naam, lakini najisi huoshwa mkononi, haizuii ilimu.

Na ilimu hii ni ya ajabu. Utando wa ndani wa utumbo hujibandua kila siku, na chembe zake hutoka pamoja na choo. Saratani ikiwamo, DNA yake iliyoharibika huweza kuonekana humo. Marekani waliidhinisha kipimo cha namna hiyo mwaka 2014, baada ya kukijaribu kwa watu wapatao 10,000. Kilitambua saratani 92 katika kila 100.

Lakini hapa ndipo penye hadaa ya nafsi. Kipimo hicho kiliidhinishwa kwa watu wasiopata kuugua saratani hiyo. Aliyekwisha pasuliwa, ada ya madaktari ni kumtazama kwa mpira wenye kamera baada ya mwaka 1, kisha baada ya miaka 3, kisha 5, pamoja na kumpima damu. Kipimo cha choo kwa mtu huyu wangali wakikitafiti. Basi asemaye, "Nitapeleka choo tu, mpira siutaki," asidhani ameishinda haya yake. Ameivisha kanzu nyingine. Amechagua jibu lililo jepesi kulisikia, na wanawe ndio watakaolipa. Kufunua utupu mbele ya tabibu, kwa kadiri ya haja, wanavyuoni wameruhusu.

Ama tawakkuli, Mtume, rehema na amani zimshukie, alimpelekea Ubayy bin Kaab tabibu, akamkata mshipa kisha akamchoma moto pale pale. Hakumwambia Ubayy asubiri tu.

Limebaki moja, nalo latuhusu sisi wazima. Mpira huo haufanywi kila mahali. Mtu wa hapa huenda akaambiwa ateremke Nakuru, au afike Nairobi. Mpasua mbao anayelipwa kwa siku hawezi kuhukumiwa sawasawa na mwenye duka. Na katika darsa letu wamo wenye magari, nao huteremka Nakuru kila wiki kwa biashara zao.